Majani Machungu ya Bihogo

Kingi, 6 Mei 1953

Kwa mdogo wangu Straton,

Yezu asifiwe nyumbani kwako. Sisi huku tunapumua. Mama yetu bado anaumwa magoti, lakini mdomo wake hauumwi. Jana alimfukuza mwimbaji mmoja wa kwaya aliyekuwa akijizoeza karibu na mlango wetu, akamwambia arudi akishajua wimbo. Adelaïde wangu alipokea Komunyo ya kwanza siku ya Pasaka. Viatu tulivyoazima kwa katekista vilimbana mpaka akavivua kanisani. Mvua imetosha. Msalimie Sidonie, na yule mtoto wenu ambaye sijamwona. Niambie kama ana masikio ya baba yetu.

Sasa neno lenyewe. Unajua kwamba tangu Evode wangu alipofariki nimebaki na shamba la mteremko lililo chini ya nyumba, na nguruwe. Sasa ni watatu: jike mmoja mweusi wa kienyeji, pua ndefu, pamoja na watoto wake wawili wa mwaka jana. Jike nimempa jina Bihogo. Najua ni jina la ng'ombe. Nilimpa ili shemeji Kanyamibwa alisikie kila asubuhi anapopita na ng'ombe zake, kwa sababu alisema mbele ya watu kwamba mjane wa kaka yake anafuga takataka. Tangu hapo hapiti bila kukunja uso, na jina lenyewe hajawahi kulitamka.

Bihogo ana mimba, na kiangazi kinakuja. Mwaka jana, mwezi wa saba, majani ya viazi yalikwisha, nguruwe wakalia mpaka majirani wakahama usingizini. Zile mbegu za miti ya kivuli cha kahawa ulizonipa Noeli ya mwaka wa hamsini nilizipanda kwenye ua wote wa upande wa kijito. Miti sasa imenipita kichwa, na jua haliikaushi. Je, nguruwe anaweza kula majani yake? Wewe umesoma seminari ndogo na shule ya kilimo, sasa ni monita wa kufundisha kilimo, na miti hiyo iko mbele ya mlango wako. Nijibu mapema.

Kuna habari ingine kidogo, ya maharagi. Nitaiandika siku ingine.

Dada yako,
Epiphanie


Walikale, 24 Mei 1953

Dada mpendwa,

Barua yako imefika tarehe 22, saa nne asubuhi, mkononi mwa Pierre, boi wa kamio, lile lori la kahawa, pembe moja imelowa. Huku mvua hainyamazi. Mtoto anaitwa Séraphin, ana majuma kumi na moja, na masikio ni ya baba, pole yake. Sidonie anamtumia mama chupa ya mawese.

Swali lako limenifurahisha kuliko unavyodhani, kwa kuwa nimekwisha kulijibu kabla hujaliuliza. Ninanakili kutoka kaye yangu, lile daftari la tarehe:

«2 Machi. Nimeanza. Dume mmoja, majike wawili, wote wa kienyeji. Kitunga cha majani mabichi asubuhi, kitunga jioni.
16 Machi. Wanamaliza vyote. Hawalii tena.
20 Aprili. Nimempima dume kifuani kwa kamba. Ameongezeka vidole vinne.»

Mti huu wazungu wanauita leusena. Ni ndugu ya maharagi. Angalia maganda yake utaona. Kama maharagi ni nyama ya maskini, basi majani haya ni maharagi ya nguruwe. Wape mabichi, wape mengi, usiogope. Nimeandika raporo ya kurasa nne kwa agronomu, mtaalamu wa kilimo wa shamba letu la kahawa. Ameahidi kuisoma mbele ya wenye mashamba wengine. Ni mara ya kwanza jambo lililoandikwa na monita mweusi kusomwa pale.

Fanya kama nilivyoandika.

Ndugu yako,
Straton Hakorimana, monita wa kilimo


Kingi, 21 Juni 1953

Straton wetu,

Amani kwenu watatu. Mama amesema mawese ya Sidonie yana harufu ya msitu, lakini chupa iko karibu kuisha na hakuna anayekubali kuwa ameigusa. Maharagi tumevuna. Adelaïde amejifunza kushona tundu la kifungo.

Tangu tarehe 4 nawapa majani, mabichi, vitunga viwili kama ulivyoagiza. Wanayapenda kuliko viazi. Kibandani kimya. Kijitoni wanawake wananicheka, wanasema Mama Adelaïde amekuwa mchungaji wa miti. Annonciata, bibi ya Kanyamibwa, aliniuliza kama nguruwe zangu zitaanza kupanda juu ya miti. Nilimwambia zikipanda zitaona migongo ya ng'ombe zenu, na mbavu pia. Alicheka mwenyewe, maana ng'ombe zao zimekonda.

Sasa ile habari ya maharagi. Jumatatu ya Pasaka, tukiwa bado tunakula sherehe ya Adelaïde, Bihogo alivunja kibanda akaenda kutafuta dume. Alimpata. Lakini njia aliyopita ilikuwa katikati ya maharagi ya Kanyamibwa, mistari sita. Wazee walikaa kwa Mzee Théophile, kapita wetu, msimamizi wa kijiji. Kanyamibwa hakupiga kelele. Alisema tu kwamba shamba la kaka yake limechoka, mjane hawezi kulilisha wala kufunga mifugo yake, na afadhali liwe malisho. Wazee wakaniwekea siku: Watakatifu Wote, tarehe moja Novemba. Mpaka siku ile nguruwe isitie mguu nje ya kibanda, na samadi yake isimamishe maharagi katika shamba hilo. Nikiweza, shamba ni langu na la Adelaïde. Nikishindwa, ng'ombe zinaingia.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungekuja mbio na kaye yako kubishana na wazee, nao hawapendi kaye.

Sasa umejua kwa nini niliuliza. Kama kuna jambo lolote juu ya majani haya ambalo ningepaswa kulijua, niambie nikiwa bado na nguruwe.

Epiphanie


Walikale, 19 Julai 1953

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Mto ulifurika tarehe 3, daraja likaondoka. Tarehe 8 wamelirudisha. Tarehe 10 Séraphin ameota jino la chini, upande wa kushoto. Kahawa imezaa vizuri. Mawingu hapa ni mazito na nafikiri mwaka huu mvua itapita kipimo. Habari ya shamba imenisikitisha sana. Mwambie mama nitamletea mawese mengine.

Kuhusu majani, nadhani si vibaya kupunguza kidogo. Kidogo tu. Hakuna haraka.

Raporo yangu imepokelewa vizuri.

Straton

[Chini, kwa mwandiko mwingine:] Wifi, ni mimi Sidonie. Ameniambia niandike salamu tu. Salamu. Muulize nguruwe zetu zinavaa nini siku hizi.


Kingi, 10 Agosti 1953

Straton,

Salamu nitaziandika mwisho, kama zitabaki.

Barua yako ya Julai imefika jana. Pierre anasema kamio ililala njiani siku nane. Hukujua, lakini nilipoisoma kilichokuwa kimepungua si majani.

Manyoya yalianza kuanguka tarehe 12 Julai. Kwanza mkia, kisha mgongo. Sasa Bihogo ni kama kiazi kilichomenywa, na wale wawili wanafuata. Tarehe 2 Agosti alizaa. Saba, wote wamekufa. Niliwazika mwenyewe chini ya migomba, na Bihogo alikaa siku nzima akiniangalia kwa ufa wa kibanda.

Kanyamibwa alikuja akasimama uani na fimbo yake. Akasema, polepole, kama muntu anayenionea huruma:

«Shemeji, ile ni ukoma. Ng'ombe haiwezi kukaa karibu na ukoma.»

Kutoka hapo akaenda kwa Mzee Théophile. Muuguzi wa mifugo ataletwa kutoka Masisi. Akisema ni ugonjwa, watachomwa wote watatu. Nikiacha majani, sina kingine. Majani ya viazi yamekauka tangu mwezi uliopita. Nikiwafungulia watafute wenyewe, shamba limekwenda.

Mstari wa Sidonie nimeusoma mara tatu. Nakuuliza neno moja, nijibu bila mto na bila mawingu: manyoya ya nguruwe zako iko wapi?

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Epiphanie


Walikale, 23 Agosti 1953

Dada,

Umeuliza neno moja. Hili njo jibu, kutoka kaye ile ile:

«19 Mei. Manyoya meusi ndani ya hori.
8 Juni. Dume: mgongo wote wazi.
30 Juni. Jike mkubwa ametupa mimba. Sababu siandiki, kwa kuwa siijui.»

Angalia tarehe ya kwanza. Ni siku tano kabla sijakuandikia «wape mengi, usiogope». Nilijiambia ni chawa. Raporo ilikuwa imekwisha kunakiliwa kwa wino, na jina langu liko chini yake. Halafu barua yako ya Juni ikafika na habari ya shamba, nikaona kwamba kosa langu limekuwa kubwa kuliko kalamu yangu, na badala ya kukuambia nikakuandikia habari ya daraja. Kaye yangu haijadanganya hata siku moja. Mwenye kaye njo amedanganya.

Dawa sina. Acha majani yote. Nitaomba ruhusa nije nisimame mbele ya wazee, niseme ni mimi niliyekuagiza. Kama itabidi shamba lipotee, lipotee kwa jina langu.

Sidonie hasemi nami vizuri tangu mwezi wa sita. Ana haki.

Straton


Kingi, 25 Agosti 1953

Straton,

Jibu lako halijafika. Naandika bila kulingoja, kwa sababu hapa kuna neno ambalo unapaswa kuliandika katika kaye yako.

Tarehe 11, siku moja baada ya barua yangu ya hasira, mama aliomba tumbebe mpaka kibandani. Tangu magoti yamkatae hakuwa ameenda kule. Alikaa juu ya mukeka, akaangalia nguruwe hizi zilizo uchi, akaomba jani. Akalitafuna, akatema.

«Haya munawapa mabichi?»

Nikasema ndiyo, Straton ameandika mabichi.

«Na muhogo muchungu, Straton anaukula mubichi?»

Nikakiweka kitunga chini.

«Seminari ilimufundisha Kilatini,» akasema. «Kuloweka njo kazi yetu. Epiphanie, na weye? Wewe hukuwa seminari.»

Nilipata aibu, Straton. Kila juma ninaloweka muhogo siku tatu, ninamwaga yale maji mabaya, ninaanika, na hakuna anayekufa katika nyumba hii. Lakini majani yalikuja na barua, na mimi nikaiamini barua kuliko mikono yangu. Basi kosa tuligawane.

Kijitoni sikuweza kuloweka. Ng'ombe za Kanyamibwa zinakunywa chini yake, naye angepata neno lingine. Niliukumbuka muvure, ule mtumbwi wa mti ambamo Evode alikuwa akikamulia ndizi za pombe. Tangu tulipomzika ulikuwa umelala kifudifudi nyuma ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kuugeuza. Niliugeuza. Mama akaniambia nisilie ndani yake, maji ya chumvi hayatakiwi.

Tunafanya hivi. Majani yanalala ndani ya maji siku tatu, mawe juu yake. Maji yananuka, tunayamwaga mbali. Tunaanika juani mpaka yasikike kama karatasi. Tunayaponda, kisha tunachanganya: kipimo kimoja cha majani kwa vitatu vya shina la mgomba lililokatwa na mateke ya kuchemsha, yale magimbi ya bondeni. Si mlima wa majani kama zamani.

Muuguzi alikuja tarehe 20. Aliwashika ngozi, akatafuta vidonda, hakuona. Alitazama ndani ya muvure, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. Alimwambia Mzee Théophile kwamba ukoma si hivi na hakuna kitakachochomwa. Kanyamibwa akasema manyoya hayatarudi. Muuguzi akamwambia yeye hatibu manyoya.

Leo asubuhi nimepitisha mkono juu ya mkia wa Bihogo. Kuna kitu kinachoma, kifupi, kama ndevu za mwanaseminari. Nimemwita mama kwa kelele mpaka mbwa wakabweka.

Epiphanie


Walikale, 16 Septemba 1953

Dada mpendwa,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ilikuwa inapanda mlima na aibu, yako inashuka na habari njema, na Pierre aliyezibeba hajui.

Nimefanya kama mama alivyosema, tangu tarehe 3. Sina muvure, nimetumia pipa. Siandiki zaidi mpaka nione.

Tarehe 9 nilikwenda kwa agronomu, nikamwambia kurasa zangu nne zina kosa, na kwamba kosa hilo nililijua tangu Mei, ila sasa dawa yake ipo. Aliweka kalamu chini. Halafu akaniuliza dawa imetoka chuo gani. Nikamwambia Kingi, kwa mama yangu Mukasine, mwenye umri usiojulikana, asiyejua kusoma. Aliniamuru niandike ukurasa wa tano na niusome mwenyewe mbele ya wenye mashamba, kosa na dawa pamoja. Niliusoma jana. Nilifuata mstari kwa kidole mpaka jina la mama, ndipo nikainua kichwa. Wameomba nakala. Ukurasa wa tano njo wameomba, si zile nne.

Niliomba ruhusa ya kuja kwenu Watakatifu Wote. Kahawa inavunwa, wamekataa. Utasimama bila mimi. Nafikiri umekwisha kusimama.

Sidonie amecheka leo, mara ya kwanza.

Straton


Kingi, 3 Novemba 1953

Mdogo wangu Straton,

Kaa chini ndipo usome. Mwite Sidonie naye, na Séraphin mkae naye pamoja.

Juzi, Watakatifu Wote, wazee walitoka misa moja kwa moja mpaka kwangu. Mzee Théophile alizunguka kibanda akisukuma kila mti kwa mguu. Hakuna uliocheza. Aliuliza majirani mmoja mmoja kama wameona nguruwe nje tangu siku ile wazee walipokaa. Wakasema hapana. Hata Annonciata alisema hapana, bwana yake akiwa amesimama kando, na alisema kwa sauti.

Tukashuka shambani. Samadi nilikuwa nimeitia mwanzoni mwa Septemba, vitunga sitini na vinane. Nimehesabu kwa ajili yako. Maharagi yamefika magotini, meusi kwa ubichi. Mzee Théophile aling'oa shina moja, akalinusa mizizini, akampa jirani yake anuse. Likapita mikononi mwa wote kama pombe. Lilipomrudia akasema maneno machache:

«Shamba hili halijachoka. Ni la Mama Adelaïde.»

Mama alikuwa juu, mlangoni, na hakuweza kusikia. Lakini aliona wazee wanavaa kofia zao, akaanza kupiga vigelegele peke yake, na huku chini wanawake wakampokea.

Watu walipokwisha kuondoka Kanyamibwa alibaki. Ng'ombe zake zimetoka kiangazini kama ngazi. Alisimama uani, anageuza fimbo.

«Shemeji, mbegu ya ile miti iko?»

Nikamwambia iko.

«Ng'ombe anaweza kula?»

«Muulize mwenye miti.»

«Nani?»

«Iko mule kibandani. Umuite, atakuja.»

Annonciata aliziba mdomo kwa kitambaa. Kanyamibwa alitazama mlima, akatazama fimbo, akasafisha koo kama muntu anayekwenda kusoma Injili. Nilidhani ataondoka. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema:

«Bihogo.»

Bihogo aliinua kichwa. Manyoya yake yote yamerudi, Straton, meusi, yanang'aa. Ungepima kwa kamba yako ungeandika kurasa. Alikuja polepole, tumbo limejaa, kwa maana ana mimba tena tangu Septemba, na safari hii dume njo aliletwa kwake. Akaweka pua juu ya ubao, akampumulia mkononi. Kanyamibwa hakuuondoa mkono.

Nilimpa maganda viganja viwili. Nikamwambia majani yakikua asiyatoe mabichi, wala asiyatoe mengi, na kama amesahau namna ya kuyafanya amuulize bibi yake, anaijua kwa muhogo. Alisema asante. Aliita jina langu alipoaga.

Mama amenisikia nikisoma barua yako ya Septemba mara mbili. Mara ya pili, nilipofika mahali pa jina lake mbele ya wenye mashamba, aliniambia nisimame hapo. Akaichukua barua, akapitisha kidole juu ya mistari. Kisha akasema: «Alichelewa kuandika. Lakini ameandika.» Barua ameiweka ndani ya kimfuko cha rozari yake, hajui herufi hata moja, na haruhusu muntu kuigusa.

Zile salamu nilizokunyima mwezi wa nane nilikuwa nimezihifadhi. Nakutumia zote leo, wewe na nyumba yako.

Dada yako,
Epiphanie